Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Kuendelea na Dawa za ADHD Uingereza

Mtu mzima mwenye ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu, aliyeanzishiwa dawa ya methilifenideti au lisideksamfetamini na daktari bingwa nchini Uingereza hutarajia kwamba, dozi ikishatulia, daktari wake wa familia ndiye atakayeendelea kumwandikia. Hilo hufanyika kwa mkataba wa matunzo ya pamoja, ambao daktari wa familia halazimiki kuukubali, na akiukataa jukumu hubaki kwa bingwa. Kinachoamuliwa basi si iwapo unaumwa kweli, bali ni nani atakayewajibika kwa dawa inayodhibitiwa na sheria.

Linalowakwamisha wengi ni kutouliza mapema. Kabla ya kuanza tiba kwa bingwa wa kulipia, mwombe daktari wa familia aeleze msimamo wake kwa maandishi, kwa sababu akikataa baadaye utagharimia mashauriano na dawa kutoka mfukoni mwezi baada ya mwezi. Uwe pia na ripoti kamili ya utambuzi, inayoonyesha aliyekupima, vigezo alivyotumia, na jinsi dalili za utotoni zilivyothibitishwa. Barua ya mistari mitatu haimsaidii mtu. Aliyesomea Mombasa au Tanga aanze mapema kuwaomba wazazi maelezo na ripoti za shule, kama bado hazijaliwa na mchwa.

Vipimo navyo viwe vya karibuni. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unataka shinikizo la damu na mapigo ya moyo yapimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila baada ya miezi 6, sawa na uzito, na tiba yenyewe ipitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka. Taja bila kuficha maradhi ya moyo yaliyomo katika ukoo na dawa nyingine unazotumia, za mitishamba zikiwemo.

Mwisho, hesabu siku. Cheti cha dawa hizi huisha nguvu baada ya siku 28, na kwa kawaida huandikiwa dawa za siku zisizozidi 30, hivyo ombi lipelekwe ukiwa bado na vidonge vya wiki kadhaa. Uhaba wa dawa hizi uliotangazwa Septemba 2023 uliwakuta wengi wakiwa na kopo tupu. Vikikaribia kuisha, mpigie bingwa kabla ya kuanza kujibania dozi, na uendapo kuzichukua kwa mfamasia beba kitambulisho.