Sindano iliniingia kidoleni nisiisikie: unavyoweza kukabili maumivu ya neva yatokanayo na kemo

Mimi ni fundi cherehani. Nilijua hali yangu ni mbaya siku nilipoona tone la damu kwenye kitambaa cheupe na kukuta ni damu yangu: sindano ilikuwa imezama kidoleni, nami sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshatundikiwa dripu ya tano ya oksaliplatini, dawa ya kemo (tiba ya kemikali), kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Ganzi ilianza tangu dripu ya tatu. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kwamba nikisema nitapunguziwa dawa, na saratani ipate upenyo.

Kwa hiyo naanza na hatua niliyoiruka mimi: sema mapema. Hadi sasa hakuna kidonge kilichothibitika kuzuia uharibifu huu wa neva, yaani mishipa ya fahamu. Kinachoweza kuusimamisha ni daktari wako kupunguza kiasi cha dawa, kusogeza mbele tarehe ya dripu, au kubadilisha dawa. Hilo mtalipima pamoja, yeye na wewe, lakini hawezi kupima asichoambiwa. Na usijipunguzie mwenyewe kwa kukwepa kliniki.

Namna ya kusema nayo ina ufundi wake. Mara ya kwanza nilisema "miguu inanisumbua", ikaandikwa kuwa ni uchovu. Mara ya pili nikasema, "Daktari, siwezi kufunga kitufe cha shati, na juzi ndala ilinivuka njiani nikaendelea kutembea bila kujua." Hapo aliweka kalamu chini na kuanza kunigusagusa nyayo. Nunua daftari dogo, kila jioni uandike mambo matatu: ganzi imefika wapi, maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, na kazi gani ya mikono au miguu imekushinda leo. Usiyachanganye ganzi na maumivu. Vyote vinatoka kwenye neva zilezile, lakini dawa inayotuliza kimoja huenda isikiguse kingine.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa madhara haya ni oksaliplatini, sisplatini, paklitakseli, vinkristini na botezomibu. Neva ndefu ndizo huumia kwanza, ndiyo maana huanzia vidole vya miguu, kisha vya mikono, pande zote mbili, kama mtu aliyevaa soksi na glovu. Ikiwa kwako ni upande mmoja tu, mweleze daktari, maana huenda chanzo ni kingine. Miguu ikilegea ghafla, mgongo ukauma, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali siku hiyohiyo: uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa. Uliza pia kuhusu kipimo cha sukari na cha vitamini B12, kwa sababu kisukari na upungufu wa vitamini hiyo huharibu neva vilevile.

Wa oksaliplatini tuna adui wetu wa pekee, baridi. Siku ileile ya dripu nilikunywa maji ya friji, koo likakaza nikadhani nakata roho. Hali hiyo hupita, ila inatisha. Kwa siku kadhaa baada ya kila dripu kunywa vya uvuguvugu, vaa glovu unapofungua friji, na ufunike mdomo kwenye upepo wa baridi. Kama kweli pumzi haiingii, au umevimba uso, usingoje ipite. Huo unaweza kuwa mzio. Wapo wagonjwa wa paklitakseli wanaovaa glovu za barafu wakati wa dripu ili kupunguza ganzi. Usiwaige kama yako ni oksaliplatini!

Sasa dawa ya maumivu yenyewe. Mwongozo wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, wa mwaka 2020 unapendekeza moja tu: duloksetini, dawa ya sonona inayotuliza pia maumivu ya neva. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa walianza na miligramu 30 kwa siku kwa wiki moja, kisha 60. Kati ya kila 100 waliomeza duloksetini, 59 walisema maumivu yamepungua, na kati ya waliopewa vidonge vitupu walikuwa 38. Si muujiza, kama unavyoona. Mimi nilishuka kutoka 7 hadi 4, nikaanza kulala usiku, ganzi haikutikisika. Wiki ya kwanza nilipata kichefuchefu, nikawa nameza pamoja na chakula. Kabla ya kuandikiwa, taja kila dawa unayotumia, hasa tamoksifeni (ya saratani ya matiti) na dawa nyingine za sonona, na useme kama ini lako lina shida. Usiiache ghafla hata ukipata nafuu, hupunguzwa polepole.

Gabapentini na pregabalini nazo huandikwa, ingawa ushahidi wake kwa maumivu haya ni hafifu, na huleta usingizi na kizunguzungu. Kwa mtu asiyesikia sakafu chini ya nyayo, hilo si dogo. Vitamini na virutubisho vya kujinunulia niliviacha: B6 nyingi mno huharibu neva yenyewe, na kirutubisho kiitwacho asetili-L-kanitini kiliwazidishia ganzi wanawake waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti.

Nyumbani, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, vaa viatu vilivyofunika vidole, acha taa ikiwaka njia ya chooni, na kila usiku kagua nyayo kwa kioo. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, dakika chache kila siku. Nami nilirudi kuvaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidoleni nilichokuwa nikikiona cha wanafunzi.

Jambo moja sikuambiwa, likaninyima raha: baada ya dripu ya mwisho, ganzi ilizidi kwa karibu miezi mitatu. Nilidhani saratani imerudi. Kumbe dawa za jamii ya platini, kama oksaliplatini, huendelea kuumiza neva hata zikishasimamishwa, ndipo nafuu ianze taratibu. Sasa mwaka na nusu umepita. Mikono imerudi karibu yote, vidole vya miguu bado, na vitufe vidogo vya mashati ya watoto hushonwa na msaidizi wangu.