Maiki isiyo na waya: anza na hewa, mikseri itasubiri

Mimi ni fundi mitambo, Dar es Salaam. Sendofu, harusi, semina za mahotelini, ibada za Jumapili: kote huko kuna mtu ameshika maiki isiyo na waya, na mimi niko nyuma ya mikseri. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue maiki gani isiyokatakata. Huwa nawajibu kwamba hata ile ya bei mbaya itakatakata ukiitoa kwenye boksi, ukaiwasha na kumpa MC papo hapo. Anachoshika MC ni transmita, yaani kituo kidogo cha redio chenye nguvu ya miliwati 10, ikizidi sana 30 au 50. Simu iliyo mfukoni mwa mgeni wa meza ya mbele inaweza kurusha hadi miliwati 200. Ndiyo maana naanzia hewani.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko

Fungua mlango wa betri wa transmita, tafuta masafa. Yameandikwa kwa MHz. Muuzaji wa Kariakoo akikwambia "hii UHF dada, og kabisa," mwambie asante, kisha endelea kusoma, maana UHF ni jina la bendi nzima ya mawimbi ya redio, na ni pana. Unachotafuta ni kitu kati ya 470 na 694. Kuanzia 694 hadi 862, katika kanda yetu ya Afrika na Ulaya, sehemu kubwa sasa ni njia ya simu. Zamani humo mlikuwa na televisheni. Tulipohamia dijitali, na hapa Dar analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, televisheni zilisogezwa chini na mitandao ya simu ikapewa nafasi ya juu. Ukiona mtumba wa Marekani wa 698 hadi 806 kwa bei ya kutupa, ujue hata kwao maiki zilifungiwa bendi hiyo tangu Juni 2010.

Soma na kibandiko cha risiva, yaani kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya transmita na kupeleka sauti kwenye mikseri. Modeli ileile ya kampuni ileile huuzwa kwa bendi tofauti tofauti, na transmita ya bendi moja haitakaa isikilizane na risiva ya bendi nyingine hata ukizibembeleza usiku kucha. Hili huwapata sana wanaonunua kipande kimoja kimoja.

Zile ndogo za 2.4 GHz zinatumia njia moja na Wi-Fi. Darasani au kwenye kikao cha ofisi, sina ugomvi nazo. Kwenye ukumbi wa wageni 300, kila mmoja na simu yake na wengine wamewasha hotspoti, mimi sizipeleki. Na kama unanunua nyingi za kukodisha, ulizia kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa sababu masafa wanayasimamia wao na vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa.

Risiva ikae wapi

Watu wengi huficha risiva chini ya meza, nyuma ya amplifaya, ili meza ipendeze. Antena inataka kuiona transmita. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hunywa mawimbi ya UHF. Ukumbi mtupu saa nane mchana utakudanganya: maiki itafika hadi getini. Saa mbili usiku wageni wamesimama wote kwenda kutunza, kati ya MC na risiva kuna ukuta wa miili, na maiki inaanza kukohoa. Kwa hiyo ipandishe juu ya vichwa. Stendi ya spika isiyotumika inafaa sana. Funga kibao juu yake, weka risiva, vuta kebo ndefu ya XLR hadi kwenye mikseri. Kebo ya sauti ikirefuka mita 20 haina shida, bora kuliko kuirefushia maiki safari ya hewani.

Antena mbili zikae kama herufi V, zisigusane wala zisiguse chuma. Zipo mbili kwa sababu wimbi hufika moja kwa moja na pia hufika limegonga ukuta, na mahali pengine hayo mawili yanauana. Risiva inachagua antena yenye nafuu. Ukiikunja moja kwa kuwa "inasumbua," umeitupa nusu ya pesa uliyolipa. Kaa mbali na skrini kubwa ya LED, kompyuta na ruta. Ile LED ndiyo adui yangu mkubwa siku hizi, kila kamati ya harusi inaitaka, na inatoa uchafu hewani kuliko kitu kingine chochote ukumbini. Upande mwingine, usimweke msemaji karibu mno na antena, mita mbili tatu ziwepo, kwani risiva nayo huzibwa na mawimbi makali.

Kuskani na kupanga masafa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Washa kila kitu kitakachowaka usiku ule: LED, taa, kompyuta ya DJ. Muulize mpiga video kama ana maiki za kubana, zile ndogo za kubanwa kwenye nguo, na ziko masafa gani. Wengi hawajui, basi mwambie aziwashe tu. Kisha zima transmita zako zote. Sasa iambie risiva ya kwanza iskani, yaani ipekue hewa na kutafuta masafa yasiyo na mtu. Ukiskani huku maiki yako mwenyewe inawaka, risiva itaikimbia kama adui na kukupa majibu ya uongo.

Ikishakupa masafa safi, fungua transmita, elekeza kidirisha chake cheusi kwenye kidirisha cha risiva, umbali wa shibiri moja hivi, bonyeza SYNC. Mawimbi ya mwanga usioonekana yanahamisha masafa. Kwenye maiki zisizo na kidirisha utaweka namba kwa mkono; hakikisha skrini zote mbili zinasoma sawa hadi tarakimu ya mwisho. Iache maiki ya kwanza inawaka, ndipo uskani kwa ajili ya ya pili. Ya kwanza na ya pili zikiwa zinawaka, skani ya tatu. Ukizima na kuskani upya kila moja, zote zinaweza kuangukia mahali pamoja.

Kwa maiki tatu kwenda juu kuna mtego mwingine. Transmita mbili zikikaribiana huzaa mawimbi ya uongo ambayo hakuna aliyeyarusha. Hesabu yake ni rahisi: zidisha masafa moja kwa mbili, toa mengine. Tuseme umepanga 518.2, 518.6 na 519.0, kwa kuwa macho yanapenda hatua zinazolingana. Mbili mara 518.6 ni 1037.2, toa 518.2, unapata 519.0. Maiki mbili za kwanza zimemzaa mtoto juu ya maiki ya tatu. MC na mchungaji wakisogeleana, ya bibi harusi inakoroma. Isogeze ya tatu hadi 519.4 na mtoto yule ataangukia pasipo na mtu. Risiva nyingi za maana zina makundi yaliyokwisha kupigiwa hesabu hii, zinayaita GROUP na CHANNEL. Weka maiki zako zote za bendi moja kwenye GROUP moja, chaneli tofauti, usichanganye makundi.

Jua pia kwamba ving'amuzi vya antena viko humohumo. Chaneli moja ya televisheni ni upana wa MHz 8: ya 27, kwa mfano, inaanza 518 na kuishia 526. Kama mnara wa jirani unarusha kwenye chaneli hiyo, hiyo mifano yangu ya juu yote haifai na unahamia kwingine. Masafa safi ya ukumbi wa Mbezi si lazima yawe safi Kigamboni, kwa hiyo skani kila unapofunga mitambo.

Betri

Alkalini mpya kwa kila shughuli inayolipiwa. Zile za rimoti za bei rahisi usiziweke kabisa. Za kuchaji zinafaa, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kwenye transmita isiyo na mpangilio wa aina ya betri kipimo kitasema zimeisha mapema, na mwishoni zitakufa ghafla bila onyo. Usichanganye mpya na ya zamani.

Sauti ndani ya transmita

Watu hukimbilia geni ya mikseri, yaani kile kitufe cha kuamua sauti inayoingia ikuzwe kiasi gani. Kuna geni ya kwanza kabisa, imo ndani ya transmita, na ikikosewa hapo hakuna kitufe cha mikseri kitakachoiokoa. Ikiwa juu mno, sauti inachanika kabla haijaondoka mkononi. Ikiwa chini mno, utavuta mikseri juu na kuvuta na ule mvumo wa hewa.

Mpime mtu mwenyewe, kwa sauti yake ya kazini. MC akija mchana kukujaribia atasema "moja, mbili" kwa upole. Mwambie: "Kaka, nipe ile ya kuwaita wazazi wa bwana harusi." Akipaza, tazama taa za risiva: zipande karibu na juu, nyekundu isiwake. Ikiwaka, shusha geni ya transmita kwa hatua hadi itulie. Kisha nyuma ya risiva angalia swichi ya MIC na LINE. Ukiwa LINE na umechomeka kwenye tundu la maiki la mikseri, sauti itachanika hata geni ikiwa sifuri. Zima umeme wa volti 48 kwenye chaneli hiyo, risiva haiuhitaji. Mwisho kabisa ndiyo geni ya mikseri.

Halafu tembea. Chukua maiki, ongea mfululizo, zunguka ukumbi mzima hadi mlango wa kuingilia maharusi, na mwenzako awe anatazama vijiti vya mawimbi kwenye risiva. Panapokatika, tia alama sakafuni kwa tepu au sogeza risiva.

Maiki ya kubana na nguo za watu

Hapa naomba nijisifu kidogo, maana mafundi wanaume wengi hupaogopa. Mama mchungaji amevaa gauni la kitenge, halina mfuko wala mkanda. Mwombe ruhusa, nendeni faragha, fungia kipakiti cha transmita kwenye mkanda laini wa mpira kiunoni juu ya kisketi cha ndani, waya upande ndani ya nguo, kichwa cha maiki kitokee kifuani, kiganja kimoja chini ya kidevu. Kama wewe ni kaka, mpe msaidizi wa kike na maelekezo. Kanzu ina mfuko wa pembeni, haina matatizo, ila waya uache ulegee kidogo ili akiinama usivutwe ukakatika.

Antena ya kipakiti ni kile kijiwaya kinachoning'inia. Kisikunjwe, kisibanwe kwenye ngozi yenye jasho. Shanga, cheni na shela vihame mbali na kichwa cha maiki, la sivyo utasikia mchakacho kila akipumua. Na badili geni: ya kubana iko mbali na mdomo, itahitaji kupandishwa kuliko ya mkononi.

Darasa la dakika moja kwa MC

Mwonyeshe kwa vitendo. Ashike katikati. Akishika kitako, kiganja kinafunika antena na nguvu inapotea. Akikumbatia kichwa cha wavu kama waimba rapu, mluzi unaanza na sauti inakuwa ya debe. Asipulize, asigonge, akitaka kujua kama iko hewani aseme neno. Asipite mbele ya spika. Swichi ya kuzima ifunge kwenye menyu, maana MC akiizima mwenyewe husahau, na macho ya ukumbi mzima yanageukia kwa fundi.

Shughuli ikiendelea

Jicho moja kwa MC, jingine kwa risiva. Betri ikishuka hadi kijiti cha mwisho, badilisha wakati wa muziki, usisubiri hotuba. Maiki ya waya iwe imechomekwa, imejaribiwa, iko stendi pembeni ya jukwaa. Huo ni utaratibu wa kudumu.

Ikianza kukwaruza, funga chaneli kwenye mikseri, kisha zima transmita na utazame risiva. Kama vijiti vya mawimbi vimeshuka hadi chini, tatizo ni lenu: betri, mkono, umbali. Kama bado vinapanda na transmita imezimwa, kuna mtu mwingine kwenye masafa yako. Niliwahi kusikia mahubiri ya ukumbi wa jirani yakitoka kwenye spika za sendofu wakati familia zinatambulishana. Mashangazi walisema amina. Dawa ni kumpa MC ile ya waya, kuskani upya, kusync, kurudisha. Ukiwa umeshazoea haichukui wimbo mmoja kuisha.

Kuzima kuna mpangilio wake: chaneli ya mikseri kwanza, transmita baadaye, risiva mwisho. Toa betri zote kabla ya kufunga boksi, kwani zikivuja zinakula vyuma vya ndani. Halafu bandika kipande cha tepu kwenye kifuniko, andika jina la ukumbi, masafa yaliyokubali na mahali risiva iliposimama. Ukirudi hapo utaskani tena, lakini utajua pa kuanzia.