Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Fantasia kwa Kinywa cha Ndugu Aliyeukosa Ufalme

Mwezi Novemba 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza akiwa hapa Mwanza, alifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, upande wa magharibi wa ziwa hilohilo. Mwenyeji wake alimsimulia jinsi alivyoupata ufalme. Baba yao alipofariki, wana watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa kiasi kwamba asiyestahiki kutawala asingeweza kuiinua. Wawili walihangaika nayo wasiweze hata kuitikisa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo cha mkono. Mmoja wa walioshindwa, aliyeitwa Rogero, hakukubali, na ugomvi wake na nduguye ukawa vita.

Ninaanza na kisa hicho kwa sababu kila anachokihitaji mwandishi wa riwaya ya aina hii kimo ndani yake: baba aliyekufa, ndugu watatu, kitu cha ajabu kinachoamua, na msimulizi ambaye ndiye aliyeshinda. Speke aliisikia habari ya ngoma kutoka kwa yule aliyeiinua. Kazi yako wewe ni kuisikia kutoka kwa yule ambaye mikono yake iliishika mbele ya baraza zima, ikakataa kutoka ardhini.

Hatua ya kwanza ni kuandika kisa chote kwa ukurasa mmoja kama mshindi anavyokisimulia, bila kukionea na bila kukipamba. Andika nani alizaliwa na nani, nani alitawazwa, nani alimsaliti nani, nani alikufa wapi. Kisha uapie ukurasa huo: hakuna tukio hata moja utakalolifuta. Wanaoanza wengi huvunja sharti hili mapema sana. Humwonea huruma mhusika wao mwovu, wakagundua katikati ya riwaya kwamba hakumuua mtu, kwamba barua ilighushiwa, kwamba sumu iliwekwa na waziri. Hapo riwaya inakuwa imekufa, maana umebadilisha majina tu: steringi amekuwa adui na adui amekuwa steringi. Matukio yabaki yaleyale. Jicho linaloyatazama ndilo lihame.

Chukua mfano wa Fumo Liyongo, ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Katika utendi, mfalme wa Pate anamtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe, naye anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde, na kufa katika hali hiyo, watu wakiogopa kumsogelea. Sote tumelisoma tukio hilo tukiwa upande wa shujaa. Sasa kaa ndani ya nyumba ya mfalme siku hizo. Mji umekosa maji kwa sababu ya mtu aliyepiga goti ambaye hakuna anayejua kama ni mzima au ni maiti. Wanawake wanarudi na mitungi mitupu na kupita chini ya dirisha lako. Wewe ndiwe uliyetuma sindano. Hukufuta kitu, hukuongeza kitu, na tayari una sura nzima.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka na ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote, ni sheria ya urithi. Uovu wa ndugu wa kifalme hauanzii moyoni. Huanzia kwenye sheria inayosema mtoto huyu ni mrithi na huyu si mrithi. Kiswahili kimekwisha kukupa zana za kazi hii: ndugu wa tumbo moja si sawa na ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, na binamu aliyelelewa nyumbani naye huitwa ndugu. Katika tawala za Wasukuma wa zamani utemi haukwenda kwa mtoto wa mtemi bali kwa mtoto wa dada yake. Fikiria maana yake kwa mtoto aliyezaliwa ndani ya ikulu, aliyekaa magotini pa mtemi, aliyejifunza kuamua kesi kwa kumsikiliza baba yake, kisha siku ya msiba akamwona binamu aliyetoka kijiji cha mbali akivikwa alama za utawala. Hakuna aliyemwonea; sheria imefuatwa neno kwa neno. Mhusika wa namna hiyo ana nguvu kuliko yule aliyenyang'anywa haki yake, kwa sababu hana wa kumlalamikia. Kama ufalme wako ni wa kubuni, tunga sheria yako, lakini itunge kabla ya kutunga vita, na uhakikishe kwamba watu wema wanaiamini.

Ukiwa huku kwetu, nenda Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, ukazitazame ngoma za watemi zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Wasukuma. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, ngoma zimebaki. Simama mbele ya ngoma kubwa ukadirie kwa macho uzito wake, ukijiuliza ungeishika wapi kama ungeambiwa uinue. Swali hilo la mikono litakusaidia kuliko maswali yote kuhusu wivu.

Tuje sasa kwenye uandishi wenyewe, tukitumia jaribio la ngoma, lakini katika ufalme wetu wa kubuni na kwa ndugu asiye na jina. Rasimu ya kwanza ya karibu kila mtu husomeka hivi:

"Nilimwonea kaka yangu wivu mkubwa. Nilijua ngoma ilikuwa na uchawi, nikaapa moyoni kwamba siku moja nitalipiza kisasi."

Kila sentensi hapo inatuambia jinsi ya kumhukumu msimulizi, ilhali yeye mwenyewe asingejihukumu hivyo. Mtu mwenye wivu hasemi ana wivu. Husema ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kwa hiyo mwache aone:

"Ngozi ya ngoma ilikuwa inanukia samli mbichi. Nilipoishika kidole gumba changu kiliteleza, nikatazama, nikaona alama ya kidole kingine kilichotangulia, mahali palepale ambapo mtu aliyezoea angeishika. Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa akijifuta mkono kwenye vazi lake, polepole, kama mtu aliyemaliza kula. Mzee wa ngoma akaniambia, 'Inua, mwanangu,' na sauti yake ilikuwa na huruma. Hiyo huruma ndiyo sikuweza kumsamehe."

Katika aya hiyo alama ya kidole inaweza kuwa ushahidi wa hila, na inaweza kuwa si kitu, kwa kuwa kila ngoma ina alama za vidole. Msimulizi ameiona kwa sababu anaihitaji. Msomaji anaachwa katikati, na humo ndimo unamotaka akae kwa kurasa mia tatu. Kinachomuumiza mhusika nacho si kushindwa, bali kuhurumiwa na mtu anayempenda. Tafuta jeraha la aina hiyo, dogo na la kweli, badala ya kuchinja familia yake yote ili apate sababu ya kuwa mbaya.

Hapo linazuka swali ambalo huwezi kulikwepa: ngoma ilikuwa nzito kweli, au aliyeitayarisha alifanya hila? Maoni yangu ni thabiti. Kwa kuwa umechagua fantasia, uchawi uwe wa kweli. Ukifichua mwishoni kwamba palikuwa na jiwe ndani ya ngoma, umeandika kisa cha utapeli, na mwovu wako amekuwa mpelelezi aliyekuwa na haki tangu mwanzo. Lakini mizimu ikiwa ilimkataa kwelikweli, inambidi aishi akijua kwamba nguvu zinazoilinda nchi zimemtazama na kusema hapana. Anaweza kuuliza kwa nini. Anaweza kuuliza mizimu hiyo ni ya nani na ilipata wapi haki ya kuchagua. Na kila anapoitumia nguvu nyingine kuivunja ngoma, nguvu hiyo iwe na bei inayolipwa papo hapo na kwa kitu kinachoonekana: jina analolisahau, mtoto anayeacha kuota, mtumbwi wa wavuvi usiorudi. Bei ilipwe na wengine kwanza, naye alijue hilo, na aendelee. Hapo ndipo anapokuwa mwovu kwa haki, na wewe usigeuze uso wako. Tendo baya kuliko yote liandike kwa kirefu, kwa nafsi ya kwanza, bila kulipitisha kwenye tetesi au ndoto.

Kuhusu lugha, kuna jambo ambalo Kiswahili hulifanya vizuri ajabu. Mtu anayesimulia kwa utulivu huenda na -ka-: akaja, akaketi, akasema. Mtu anayejitetea huingia kwenye -nge- na -ngali-: angaliniuliza, ningalimwambia. Ukiipima vizuri mizani hiyo, msomaji ataanza kusikia, bila kuambiwa, ni wapi msimulizi anasema kweli na ni wapi anakimbia. Katika sura ya mauaji ondoa kabisa -ngali-; itatisha.

Na heshima. Hakuna tukio la ugomvi wa ndugu linaloweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kuamua nani anamwamkia nani. Mfanye mwovu wako awe kaka mkubwa, aliyembeba mdogo wake mgongoni kuvuka mto, aliyezoea kuitikia "marahaba" kila asubuhi. Siku moja baada ya kutawazwa, mdogo anaingia, watu wote wanainama, na ukimya unamngoja kaka. Asipoamkia ni uasi. Akiamkia, mpangilio wote wa utoto wao umepinduka kwa neno moja. Mpe nusu ukurasa wa kusita hapo. Kisha mdogo, kwa upendo, awahi kumwambia "Shikamoo, kaka," mbele ya wazee walioshtuka, akidhani amemwokoa, kumbe amemtangazia kila mtu kwamba hata heshima yake sasa ni zawadi ya mfalme. Ukiweza kuiandika ile shikamoo vizuri, vita vyote vinavyofuata vitaeleweka.

Pendo hilo lisikauke. Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Washauri wa mfalme wanapaswa kuogopa usiku ambao ndugu hawa watapatana, na msomaji autamani. Historia inatupa mfano wake. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake, Sultani Majid, kule Unguja; dada yao Salme, msichana wa miaka 15, aliwaandikia waasi barua zao, na nyumba ya Barghash ilipozingirwa dada zake walimtoa katikati ya kundi la wanawake akiwa amejifunika nguo za kike. Alishindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870 Barghash huyohuyo akatawazwa, akatawala hadi 1888. Kati ya mhaini na sultani palikuwa na miaka 11 tu. Kama riwaya yako ingesimulia uasi huo, ningekusihi usimame kwenye ile nguo ya kike: mwanamume mwenye kiburi, anahesabu hatua zake ili zifanane na za dada zake, na kila hatua anaapa kitu.

Mandhari nitayapita kwa haraka, kwa kuwa aliyekulia kandokando ya ziwa ana vya kutosha machoni pake. Tumia yanayofanya kazi kwenye kisa. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo jeshi linalovuka kwa siri lina siku za kuchagua, na taa mia juu ya maji zinaweza kuwa wavuvi au zisiwe wavuvi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani na mchana hugeuka, kwa hiyo mkimbizi ana saa za kuondoka na anayemwinda ana saa za kuchelewa. Na kama unataka mzizi wa ajabu kuliko wowote utakaoubuni, wanasayansi wamethibitisha kwamba ziwa hili liliwahi kukauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Chini ya maji yaliyoko palikuwa nyika. Ufalme wako unaweza kuwa ulianzia huko, na ngoma yako ikawa imetoka huko.

Rasimu ikikamilika, msomee mtu kwa sauti sura tatu, kisha umwulize swali moja tu: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Akijibu upesi, mhusika wako bado ni mbaya wa filamu. Akinyamaza, endelea.

Mwisho wa riwaya usimrudishie ufalme, wala usimtubishe kwa machozi. Mweke uhamishoni kisiwani, mzee, akisikiliza wapiga ngoma wa ng'ambo wakiimba kisa cha jaribio. Wimbo uwe na kosa dogo: useme mfalme aliinua ngoma kwa mkono wa kulia. Yeye alikuwapo, na anajua ulikuwa wa kushoto. Mwache amgeukie kijana anayempikia samaki na kufungua kinywa amsahihishie, na maneno atakayoyasema yawe ndiyo sentensi ya kwanza ya sura yako ya kwanza.