Somo: Umegongwa nyuma kidogo tu, na gari lako ni la 1967

Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya Barabara ya Mbagathi, mvua imekatika sasa hivi, matatu ikaniparamia nyuma. Hakukuwa na kishindo. Ilisikika kama mtu aliyefunga mlango wa kabati. Dereva akashuka, akaitazama bampa ya Volkswagen Beetle langu, ambalo injini yake iko nyuma, akasema, "Mzee, huu ni mkwaruzo tu. Chukua elfu tatu twende, abiria wanachelewa." Nikazipokea kwa M-Pesa, tukaachana kwa amani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Limuru. Kule kuna baridi, nikafungua hita. Kabla ya kufika kichwa kilianza kunigonga, macho yakawasha. Beetle hupata joto lake kwa hewa inayozunguka mabomba ya moshi, na lile pigo dogo lilikuwa limeisukuma salensa ndani na kulegeza maungio yake. Nilikuwa navuta moshi wa injini yangu mwenyewe. Matengenezo yalimeza zile elfu tatu mara kumi.

Kwa hivyo somo hili nimelijenga juu ya jambo moja: usipokee pesa ya barabarani kabla gari halijainuliwa likaangaliwa chini.

Hatua ya 1. Simama, zima injini, nusa.
Magari mengi ya zamani hayana taa za hazadi, basi toa pembetatu zako uziweke mbali kiasi cha kumpa anayekuja nafasi ya kupunguza mwendo. Kisha fungua boneti ya nyuma. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari tena hata kama askari anakuhimiza uondoe njiani, lisukumeni. Mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka kwa mtikisiko mdogo sana, na katika Beetle inapita jirani kabisa na injini. Inua pia kiti cha nyuma. Betri iko chini yake upande wa kulia, na chuma za springi zikigusa vichwa vya betri, moto unaanzia hapo. Hakikisha betri haijahama na kifuniko chake kipo.

Hatua ya 2. Piga picha kabla magari hayajasogezwa.
Chukua magari yote mawili pamoja na kitu cha kutambulisha mahali: kibao cha barabara, stendi, kituo cha mafuta. Halafu piga karibu. Na hili watu wengi hulisahau: mwombe mtu akanyage breki huku wewe unarekodi video ya taa za nyuma. Utetezi wa kwanza wa aliyekugonga gari kuukuu huwa ni "taa zake za breki hazikuwaka". Video ya dakika ile ile inamaliza mjadala.

Hatua ya 3. Badilishaneni habari.
Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame na kutoa jina na anwani yake, za mwenye gari, na nambari za gari. Asipotoa, lazima aripoti polisi haraka iwezekanavyo, isipite saa 24. Kwa matatu, dereva mara nyingi si mwenye gari, kwa hiyo andika jina la sacco lililo ubavuni, na upige picha cheti cha bima: kampuni, nambari ya sera, tarehe ya kuisha.

Hatua ya 4. Kituo cha polisi.
Nenda ingawa unaona ni usumbufu. Pata nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na baadaye abstrakti, ile hati ya polisi ya muhtasari wa ajali. Bila abstrakti, kampuni ya bima haitakusikiliza. Jiandae: askari wa trafiki anaweza kulikagua gari lako pia, na tairi lililokwisha litageuza mazungumzo.

Hatua ya 5. Jeki, tochi, kamba.
Hapa ndipo kwenye kazi. Bampa ya Beetle imeshikwa na vyuma viwili vinavyoingia ndani ya madigadi. Bampa inaweza kurudi mahali pake ikaonekana nzima, huku vile vyuma vimekunja bati la ndani. Tazama rangi iliyopasuka kwenye kona na mchanga wa kutu ulioanguka upya sakafuni. Kutu mpya iliyomwagika ni ushahidi kwamba bati limetikiswa. Pima kwa kamba kutoka kona ya kushoto nyuma hadi kulia mbele, kisha kinyume chake. Vipimo viwili visipolingana, bodi imepinda. Fungua na funga milango: mlango uliofungika vizuri jana ukikwama leo, usiulaumu uzee. Angalia mikia ya salensa, maana ndiyo hutangulia kupokea pigo, na usikilize injini ikiwa baridi. Mlio wa "tsss-tsss" ni moshi unaovuja. Mpaka utengeneze, hita isifunguliwe.

Hatua ya 6. Bima.
Bima ya lazima hapa Kenya, ile ya mtu wa tatu, hailipi gari lako, inamlipa uliyemdhuru. Kama una hiyo tu, tegemeo lako ni bima ya aliyekugonga. Ukiwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako, toa taarifa mapema na usiguse kitu mpaka mkaguzi wao aje. Mpe risiti za spea na picha za gari lilivyokuwa, la sivyo atalihesabu kama chuma chakavu na kusema gharama inazidi thamani. Dawa yake hutangulia ajali: gari lithaminiwe, na thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye sera.

Hatua ya 7. Fundi.
Kirinyaga Road utapata spea, Kariobangi Light Industries utapata mikono. Mwambie fundi anyooshe bati kwanza, puti ya kujazia mabonde baadaye na kidogo. Bampa ya asili usimwachie. Hata ikiwa imebonyea, chuma cha zamani kikinyooshwa na kutiwa kromu upya kina thamani kuliko ya kununua. Waamuzi wa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse huona tofauti kabla hujazima injini.

MASWALI YA WANACHAMA WETU WA MAGARI YA ZAMANI

Wa Datsun, Buruburu: Mzee, mimi tayari nilipokea pesa na kutia sahihi karatasi kwamba tumemalizana. Naweza kudai zaidi?
Jibu: Kaka, hiyo karatasi ndiyo itakayowekwa mezani kwanza, na imekubana. Muone wakili ukiwa nayo mkononi. Siku nyingine, ukilazimika kupokea kitu, andika "malipo ya awali, gari halijakaguliwa".

Dada wa Peugeot 404, Lang'ata: Bima ya aliyenigonga inanizungusha miezi minne sasa. Niende mahakama gani?
Jibu: Dada, kama dai halizidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iko Milimani pia. Sheria yake ya 2016 inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Usilale sana: madai ya uharibifu wa aina hii yana ukomo wa miaka 3.

Kijana mpya, Rongai: Shikamoo mzee. Niligongwa juzi, gari ni zima, lakini shingo imekaza tangu asubuhi.
Jibu: Marahaba. Acha gari, nenda hospitali leo. Viti vya gari lako havina pa kuegemeza kichwa, na shingo huanza kuuma siku ya pili. Weka karatasi za daktari, na uulize kituo cha polisi kuhusu fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza majeraha.

Wa Beetle, Kikuyu: Je, nikiwa mimi ndiye niliyegonga? Breki zangu ni za ngoma magurudumu yote manne.
Jibu: Hatua ni zile zile, ila usitie sahihi kukiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuongea na bima yako, sera nyingi zinakataza. Na ngoma zikishalowa mvua, mguso wa kwanza wa breki hauna kitu. Zikaushe kwa kukanyaga kidogo kidogo kabla hujaufikia mteremko.