Jinsi ya kula mchuzi mzuri Moshi, kwa saa na kwa mtaa

Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani katikati ya mji wa Moshi, na kabla jua halijakolea pua imeshaniambia nani kaunga nini mtaani. Wateja wanaokuja kupima suti za harusi huniuliza wakale wapi mchuzi. Nami nawarudishia maswali mawili: saa hii ni saa ngapi, na unataka uule na nini? Mbaazi zilizokuwa tamu saa mbili asubuhi hazifai kitu saa tisa. Na mchuzi wa Kihindi uliopikwa uliwe kwa naan, mkate wao bapa, ukiumwagia ugali utaishia kumlaumu mpishi bure.

Asubuhi ni zamu ya mbaazi za nazi. Zitafute upande wa sokoni na Mbuyuni, kwa akina mama wanaokaanga maandazi palepale, na uwahi kabla ya saa tatu. Usikae kwanza. Mwamkie mama, kisha chungulia sufuria. Tui likiwa limeshikamana na mbaazi, zito, na juu kuna mng'ao wa mafuta ya nazi, vuta benchi. Ukiona maji yamejitenga pembeni na chembe nyeupe zinaelea, ujue tui limekatika: liliachwa lichemke kwa moto mkali bila kukorogwa. Hapo kunywa chai uendelee na safari. Mbaazi huliwa na andazi lisilo na sukari nyingi, au chapati. Wapo wanaozila na mkate wa kukata, sina ugomvi nao.

Mchana unaingia kwa mamantilie, na hapa ujue kusoma orodha hata kama imeandikwa kwa chaki. Rosti ni mzito, kitunguu na nyanya zimekaangwa zikashika nyama. Mchuzi ni mwepesi, wa kulowesha wali. Ukiagiza rosti ya maini na ugali uko sawa. Ukiagiza rosti na wali mkavu utamaliza ukiomba maji. Moshi tuna tabia ya kukwangulia karoti na kukatia hoho kwenye kila sufuria. Karoti kidogo inaongeza utamu, lakini ikizidi ujue imewekwa kuongezea uzito mahali pa kitunguu, maana kitunguu kikipanda bei jiko lote linaona haya. Kipimo changu kingine ni manjano: onja kijiko kimoja, ukisikia ladha ya udongo kooni, manjano iliwekwa ndani ya maji badala ya kukaangwa kwenye mafuta.

Samaki wa mchana ni perege, na wengi wanatoka bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa mji. Mwombe dada akuonyeshe samaki kabla hajamtia kwenye mchuzi. Perege wa kuunga hukaangwa kwanza mpaka ngozi ikaze, ndipo aingie kwenye nyanya na ukwaju kwa dakika chache tu. Aliyelala ndani ya sufuria tangu asubuhi atakuachia miba na uji. Kuhusu wali, mchele wa Mabogini na Chekereni, mashamba ya umwagiliaji ya hapo chini ya mji, unatosha kabisa kwa mchuzi wenye viungo. Mchele wa Kyela na harufu yake ile nzuri, ukiufunika kwa mchuzi wa bizari umetupa hela.

Machalari siyazungumzii. Ni matamu, nimeoa Uchagani nayala kila wiki, lakini ndizi na nyama zilizochemshwa pamoja usije ukaziita mchuzi mbele ya mama mkwe wangu.

Ijumaa ina sheria yake. Hoteli za Waislamu zilizo karibu na misikiti hupika biriani siku hiyo, na biriani ya kwetu wali unapikwa mbali, mchuzi mbali, vinakutana kwenye sahani. Faida yake ni kwamba unaweza kuukagua mchuzi peke yake. Uwe na rangi ya kahawia ya kitunguu kilichokaangwa kikakauka, mtindi uwe umeyeyuka usionekane, na nyama iachane na mfupa kwa kijiko. Ukipewa mchuzi mwekundu wa nyanya ya kopo juu ya wali wenye madoa ya rangi ya chakula, hicho ni chakula kingine. Nenda mara tu watu wanapotoka kuswali, na useme mapema unataka kidari au paja, maana baada ya hapo utapewa shingo.

Jioni nenda kwa Wahindi. Maduka yao yako mjini hapa tangu enzi za Mjerumani, na reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo viungo na nazi vimekuwa vikipanda njia hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Indo-Italiano ya New Street inajulikana na kila mgeni anayeshuka Kilimanjaro, pitsa na mchuzi wa Kihindi jikoni kwenye jengo moja. Kwa pitsa nendeni wenyewe, mimi huagiza kuku wa masala na naan ya kitunguu saumu. Zipo pia hoteli zisizopika nyama wala yai, na wanaume wengi huzikwepa wakidhani watatoka na njaa. Ingieni. Hukohuko ndiko panir, yaani jibini ya Kihindi, inakopikwa na mtu anayeijua.

Ukiwa mahali hujapazoea, pima jiko kwa dengu. Ni chakula cha bei ya chini kuliko vyote kwenye orodha, na hakina nyama ya kufichia makosa. Bakuli lije na mafuta ya moto yaliyomwagiwa juu dakika hiyohiyo, bizari nyembamba na kitunguu saumu vikiwa bado vinanukia. Dengu ikija kimya, bila harufu, usiagize kondoo. Mkiwa wawili, sahani moja ya dengu, moja ya kuku au nyama, naan mbili na wali mmoja vinatosha. Michuzi miwili yote ya malai, yaani krimu ya maziwa, itawachosha katikati. Na mhudumu akikuuliza pilipili kiasi gani, sema iletwe pembeni, maana kiasi chake na chako havijawahi kukutana.

Wanaopanda Arusha, kilomita kama 80, huniuliza habari za Khan's, pale ambapo mchana ni biashara ya vipuri vya magari na jioni majiko ya mkaa yanawashwa nje. Nendeni, lakini kwa ajili ya kuku wa kuchoma na mishikaki. Mchuzi si shughuli yao kubwa.

Limebaki pishi moja ambalo hotelini Moshi sijalipata la kuniridhisha, kuku wa kupaka, kwa hiyo nalipika nyumbani. Nunua kuku mdogo wa kisasa. Wa kienyeji kwa pishi hili atakuwa mgumu. Mkate vipande vinne, mpake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, umwache saa moja. Zikune nazi mbili. Kamua tui zito uliweke kando, kisha tia maji ya uvuguvugu ukamue tui la pili. Mchome kuku kwenye mkaa uliokwisha moshi mpaka aive nusu na ngozi ishike alama.

Tui la pili lipike na kitunguu kilichosagwa, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, manjano nusu kijiko cha chai na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikatwangwa. Bizari inunue nzima Soko la Kati, uisugue kiganjani mbele ya muuzaji, isiponukia mrudishie. Mchuzi ukipungua nusu, tia tui zito, punguza moto na koroga kuelekea upande mmoja bila kuondoka. Mtu akibisha hodi, ajifungulie. Likianza kuchemka kwa mapovu madogo na kushika mwiko, epua, kamulia ndimu.

Sasa mrudishe kuku kwenye mkaa, mpake mchuzi kwa kijiko, mgeuze, mpake tena, mpaka nazi ianze kuungua kidogo pembeni. Mchuzi uliobaki mmwagie kwenye sinia. Mle na mkate wa kumimina au chapati. Wali pia unakwenda. Mchuzi ukibaki, uhifadhi bila kuku, na kesho uupashe kwa moto mdogo, uutie mayai ya kuchemsha.