Nyumba ya mnada Marekani: jua kwanza ni deni lipi linanadi

Ukiona nyumba ya mnada Marekani bei yake inaanzia dola 40,000 na za jirani zinauzwa 250,000, kabla hujaanza kupiga hesabu za rangi na jiko jipya jiulize kwanza, nani anainadi na kwa deni lipi? Wengi wanaingia kichwa kichwa wakidhani mnada ni mnada, kumbe nyumba moja inaweza kuwa na madeni manne au matano yamesajiliwa juu yake, na aliyeipeleka mnadani ni mmoja tu kati ya hao wote.

Haya madeni yaliyosajiliwa juu ya nyumba yanaitwa lieni, na yanapanga foleni kwa tarehe ya kusajiliwa kwenye kaunti. Mmoja akinadi, walio nyuma yake kwa kawaida lieni zao zinafutika, ila walio mbele yake hawaguswi kabisa. Tuseme benki ilisajili rehani ya dola 180,000 mwaka 2016, halafu 2021 mwenye nyumba akachukua mkopo wa pili wa 35,000 akashindwa kulipa, na aliyenadi ni huyu wa pili. Unashinda kwa 42,000, unapigiwa makofi, na ile rehani ya 2016 bado iko palepale, usipoilipa na wao wanakuja kunadi. Inakula kwako. Chama cha wamiliki wa mtaa kikinadi kwa ajili ya ada zake mara nyingi hali ni hiyohiyo, ndo maana bei inakuwa tamu hivyo.

Sasa tangazo la mnada lina jina la anayenadi na namba ya rehani au hati anayotumia, chukua hiyo namba uingie tovuti ya ofisi ya usajili wa hati ya kaunti husika. Kaunti nyingi kutafuta ni bure, kupata kopi ndo unalipia kidogo. Tafuta kwa jina la mwenye nyumba, usitegemee anwani, maana hukumu za mahakama na kodi za serikali kuu zinasajiliwa kwa jina la mtu. Jaribu jina likiwa na herufi ya katikati na bila, jaribu la mke au mume, la mwenye nyumba aliyepita pia.

Itakuja orodha yenye tarehe, aina ya waraka, aliyetoa na aliyepokea. Kaa nayo na karatasi. Kila rehani itafutie waraka wake wa kufuta, ukikuta rehani ya 2009 haina wa kufuta usijiambie tu ya zamani lazima ilishalipwa, fuatilia. Rehani pia zinauzwa benki kwa benki, kwa hiyo jina kwenye tangazo linaweza lisifanane na jina kwenye rehani, hapo soma nyaraka za kuhamisha moja moja mpaka uone mnyororo umemfikia huyu anayenadi leo. Ukikosa hata waraka mmoja, hiyo ni kazi ya wakili.

Majimbo ambayo mnada unapitia mahakamani, kama Florida, fungua na faili la kesi. Mwenye lieni wa nyuma asipounganishwa kwenye kesi, lieni yake haifutiki hata kama mnada umefanyika vizuri, na hili watu hawaliangalii kabisa.

Foleni nayo ina wajanja wake. Kodi ya nyumba inapita mbele ya wote. Nevada sehemu ya ada za chama, mpaka ya miezi 9, inatangulia hata rehani ya kwanza. Halafu kuna mamlaka ya kodi ya serikali kuu, IRS: kwenye mnada usiopitia mahakamani, lieni yao ikiwa imeshasajiliwa lazima wapewe notisi siku 25 kabla, wasipopewa inabaki. Hata wakipewa, bado wana siku 120 baada ya mnada za kuikomboa nyumba, yaani kukurudishia hela yako na kuichukua.

Kuna vitu kaunti havionekani. Faini za majani marefu, bili za maji, ujenzi bila kibali, hizo pigia ofisi za mji. Na asubuhi ya mnada cheki PACER, mfumo wa mahakama za serikali kuu, kama mwenye nyumba hajaomba kufilisika, kwa sababu akishaomba mnada unatakiwa usimame, na uliofanyika hivyohivyo unaweza kufutwa. Ukurasa ni senti 10, haina haja ya ubahili.

Mimi naona kampuni ya bima ya hati, ile inayokulinda deni la zamani la nyumba likiibuka, uilipe ifanye uchunguzi kabla ya mnada, na uwaulize wazi, nikishinda mtaniwekea bima? Wakisitasita waulize ni waraka gani unawasumbua, jibu lao linaweza kukuokolea maelfu. Nyumba ambayo benki ilikosa mnunuzi mnadani ikairudisha sokoni haina presha hivyo, mara nyingi inauzwa na bima.

Ukishinda, sajili hati yako haraka. Ukarabati mkubwa usikurupuke kabla ya muda wa kukomboa kuisha, Michigan mara nyingi ni miezi 6, Texas kwa mnada wa rehani ya kawaida hakuna, maana mwenye nyumba akirudi na hela yake, jiko ulilojenga unaweza usilipwe hata senti.