Kipimo cha choo au cha kamera: namna ya kuchagua uchunguzi wa utumbo mpana

Ukiwa Marekani na umetimiza miaka 45, utashauriwa kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana hata kama huna dalili yoyote, na huenda daktari akakutajia kolonoskopia peke yake, yaani kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana. Usinyamaze kwa heshima. Mweleze unachopendelea na unachoogopa, kwa sababu katika utafiti wa San Francisco uliochapishwa mwaka 2012, walioelekezwa kolonoskopia tu ni asilimia 38 waliokamilisha uchunguzi ndani ya mwaka, ilhali walioachiwa wachague kati yake na kipimo cha choo walifika asilimia 69.

Anza na hali yako ya maisha. Kolonoskopia isiyoonyesha tatizo hurudiwa baada ya miaka 10, na vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani huondolewa papo hapo. Lakini kabla yake utakunywa dawa ya kuharisha na kushinda msalani, kisha utapewa dawa ya usingizi, hivyo utahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani. Anayelipwa kwa saa, au asiye na ndugu karibu, aseme hivyo mapema.

Kipimo cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, hufanywa nyumbani kila mwaka. Tandaza karatasi juu ya bakuli la choo ili kinyesi kisiguse maji, kikwaruze sehemu kadhaa kwa kijiti ulichopewa, rudisha kijiti kichupani, andika tarehe, kisha utume bila kukawia. Wengi wetu tumelelewa kulionea haya jambo hili, na haya hiyo ni ya kweli; hata hivyo kinachogusa ni kijiti, si mkono, na hakuna mtu anayekutazama. Udhaifu wake ni kwamba watu wengi hawakirudii mwaka unaofuata, basi ukifungamanishe na tarehe usiyoweza kuisahau.

Chaguo hili lina mpaka. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani hii, pamoja na anayeona damu chooni au kupungua uzito bila sababu, amwone daktari na asitegemee kipimo cha nyumbani. Vilevile kikionyesha damu, kolonoskopia ni lazima, wala kukirudia ukitumaini majibu mengine hakufai. Tangu mwaka 2022 bima nyingi za binafsi zinatakiwa kulipia kolonoskopia hiyo ya ufuatiliaji bila mgonjwa kuchangia. Piga simu uhakikishe yako kabla ya kuchukua kichupa.